Kutoka Ngome Hadi Gereza: Somo la Siku Moja Mombasa

 Muhula wa pili tulisafiri kutoka Langas hadi Mombasa, wanachama 28 wa Chama cha Kiswahili na walimu wawili, na mwalimu mlezi akanikabidhi kazi ya kuandika. Habari za nauli, chakula na saa za kuondoka zimo katika ripoti iliyo ofisini kwake. Anayeitaka na akaiombe. Hapa nataka tujifunze jambo moja tu: je, ngome hulinda nini, na hushindwa na nini? Jibu nililipata kwa kuyatazama mawe, na pia kwa kulichunguza neno moja la Kiswahili ambalo sote tunalitumia kila siku bila kujiuliza lilikotoka. Neno lenyewe ni GEREZA.

1. TUANZE NA MANENO

Kiswahili kina maneno mengi ya mahali pa kujikinga. Tunalo "boma", ambalo huku kwetu ni ua wa nyumbani pamoja na watu na mifugo yake. Enzi za ukoloni ofisi ya mkuu wa wilaya nayo ikaitwa boma. Tunalo "ngome", yaani jengo la vita lenye kuta nene. Tunalo "buruji", yaani sehemu ya ukuta inayotokeza nje ili walinzi waweze kumwona adui pande zote. Pia lipo "handaki", yaani shimo refu linalochimbwa kuzunguka ngome. Buruji na handaki yametufikia kutoka Kiarabu.

Mahali pa ibada pia pana maneno yake: msikiti, kanisa, hekalu. Jamani, mnajua kwamba yote matatu asili yake ni Kiarabu, hata kanisa? Wareno walipofika pwani walikuwa na neno lao la kanisa, nalo ni "igreja". Litamke harakaharaka, ukiiacha ile "i" ya mwanzo, na utaanza kusikia "gereza". Ndivyo wataalamu wa lugha wanavyolieleza neno letu. Sasa swali: nyumba ya ibada iligeukaje kuwa nyumba ya wafungwa? Subiri kidogo, tutafika.

2. NGOME ZA KWETU BARA

Watu wengine hudhani kwamba ngome ni mambo ya pwani pekee. Sivyo. Hapa Uasin Gishu, na pia Nandi, Elgeyo hadi Nakuru, kuna mashimo mapana ya mviringo ambayo wazee huyaita mashimo ya Wasirikwa. Yalikuwa mazizi. Wenyewe walichimba chini, wakazungushia ua, wakaacha mlango mmoja, na usiku ng'ombe wakalala humo huku nyumba ya mwenye mali ikiwa imeungana na zizi. Mwivi akitaka ng'ombe ilimlazimu apite mlangoni, mbele ya mwenyewe. Basi letu lilipofika Nakuru mwalimu alitutajia Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alianza kuchimbua mabaki ya kale mwaka 1937 na mashimo ya namna hiyo yakachunguzwa.

Tena kule Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikanisha, na bado zimesimama. UNESCO iliziandikisha katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Kumbuka jambo hili kabla hatujaendelea: zizi la Msirikwa lililinda ng'ombe, yaani maziwa ya watoto. Kwa hiyo ukitaka kuielewa ngome yoyote, anza kwa kuuliza mwenyewe alikuwa anaogopa kupoteza nini.

3. NGOME YA YESU

Kutoka Eldoret hadi Mombasa ni karibu kilomita 800. Tulilala katika shule moja ya huko, tukaamka alfajiri, tukanywa chai na mahamri kwa mbaazi, na asubuhi mapema tukawa mlangoni pa Fort Jesus, yaani Ngome ya Yesu. Mzee aliyetuongoza alikuwa na fimbo ya kuonyeshea, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Haya wanangu," alisema, "hii ngome ukiitazama kutoka juu ni kama mtu aliyelala. Kichwa kimeelekea baharini."

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuimaliza 1596. Fundi aliyeichora ramani alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Walichokuwa wakiogopa kupoteza ni njia ya bahari ya kwenda Uhindi. Miaka ya 1585 na 1589 Mturuki mmoja aitwaye Mir Ali Bey alikuwa ameipitia pwani hii kwa merikebu, na miji kadhaa ikampokea ili iondokane na Wareno. Ndipo Wareno wakaona kwamba bila mawe hawatakaa.

Nao mawe hawakuyatafuta mbali. Ngome imesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na kuta zake ni za matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Upande wa nchi kavu mwamba umechimbwa ukawa handaki. Ina buruji nne zenye majina ya watakatifu: San Felipe, San Alberto, San Mateus na San Mathias. Zimepangwa hivi kwamba mtu akiukaribia ukuta wowote, yupo mlinzi wa buruji nyingine anayemwona ubavuni. Mwenzetu mmoja alijaribu kutafuta mahali ambapo angejibanza asionekane. Alizunguka hadi akachoka, na sisi tukicheka juu.

Kitu kilichonigusa zaidi ni vipande vya lipu vilivyohifadhiwa kutoka buruji ya San Mateus. Askari wa Kireno waliokuwa zamu walichora humo merikebu, samaki na watu. Mizinga ilikuwapo, bunduki zilikuwapo, na bado mtu anakaa anachora jahazi la kumrudisha kwao. Nilisema moyoni: huyu naye alikuwa ndani kama mfungwa.

4. ILITEKWAJE?

Tulipofika kwenye ukuta mnene kuliko yote, msichana wa kidato cha pili aliuliza: "Mzee, ukuta ukiwa mnene hivi, Wareno walishindwaje?"

"Ukuta haukushindwa, mwanangu," alijibu. "Walioshindwa ni waliokuwa ndani."

Akatueleza, nasi tukaandika. Nitatoa mifano mitatu.

(a) Mwaka 1631. Sultani wa Mombasa alikuwa Yusuf bin Hasan. Baba yake alikuwa ameuawa baada ya kugombana na Wareno, naye mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na watawa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Wareno wakamrudisha Mombasa wakidhani wamepata mtu wao. Mwezi wa Agosti mwaka huo aliingia ngomeni na watu wake kama rafiki, akamwua kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, na ngome ikawa yake. Hakubomoa jiwe hata moja. Alipita mlangoni. Wareno na Wakristo wenyeji waliosalia mjini walikimbilia nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino, na siku chache baadaye wakauawa nao.

(b) Mwaka 1696 hadi 1698. Majeshi ya Oman yaliizingira ngome kuanzia tarehe 13 Machi 1696. Ndani walikuwamo askari wachache wa Kireno pamoja na mamia ya wenyeji waliokuwa upande wao. Maji ya kisima na ya mvua yalikuwapo, na mara moja moja merikebu zilileta msaada. Mojawapo, Santo António de Taná, ilizama papo hapo mbele ya ngome mwaka 1697, na wataalamu waliichunguza chini ya maji kati ya 1977 na 1980. Baadhi ya vyombo vyake tuliviona katika jumba la makumbusho. Lakini maradhi yaliingia ambako Waomani walishindwa kuingia. Mwaka 1697 watu walikufa hadi Wareno wakakaribia kwisha, na ulinzi ukabaki kwa Bwana Daud wa Faza, watu wa jamaa yake, na Waafrika wachache, wengi wao wanawake. Ndugu msomaji, soma hapo tena. Ngome ya Wareno ililindwa na wanawake wa Kiafrika ambao majina yao hatuyasomi popote! Waomani waliingia tarehe 13 Desemba 1698, baada ya miezi 33, wakawakuta watu wa kuhesabika kwa vidole. Siku chache baadaye merikebu za msaada zilitokea, zikaona bendera ya Oman, zikageuka.

(c) Mwaka 1728 na 1729. Askari wa Kiafrika waliokuwa chini ya Waomani waliasi, na Wareno wakarudi mwaka 1728. Hawakumaliza hata miaka miwili. Watu wa Mombasa walichoshwa na ubabe wao, wakainuka, na mwezi Novemba 1729 Wareno wakaondoka moja kwa moja.

Baada ya hapo wakaja Mazrui, halafu Sayyid Said akaichukua ngome mwaka 1837. Mwaka 1875 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga wakati Muhammad bin Abdallah, aliyejulikana kama al-Akida, alipomwasi Sultani. Makumbusho husema kwamba kati ya 1631 na 1875 ngome ilitwaliwa na kupotezwa mara tisa. Mara tisa! Ukiwa na mlango wa nyumbani kwako uliovunjwa mara tisa, bila shaka utaanza kujiuliza kama tatizo ni mlango.

5. NYUMBA ZISIZO NA MIZINGA

Mchana tuliingia Mji wa Kale kwa miguu. Vichochoro ni vyembamba, milango imenakshiwa, na harufu ya kahawa chungu inakufuata. Tulifika Msikiti wa Mandhry, mweupe, na mnara wake si mrefu. Ulijengwa mwaka 1570, kwa hiyo una umri mkubwa kuliko ngome kwa zaidi ya miaka 20. Adhuhuri ilikuwa imekaribia, wazee wanaingia mmoja mmoja, kwa hiyo tulisimama nje kwa adabu. Babu mmoja alituuliza tunatoka wapi. Tulipomwambia Eldoret, alisema, "Karibuni sana wajukuu zangu. Huku kwenu mnakimbia, huku kwetu tunatembea polepole." Tulicheka, naye akaingia kusali.

Nilipiga hesabu hapo hapo barabarani. Ngome ina mizinga, handaki na buruji nne, na imetekwa mara tisa. Kazi iliyojengewa mwaka 1593 haifanyi tena. Msikiti hauna mzinga hata mmoja, na kazi yake ni ile ile ya 1570. Umepita utawala wa Mreno, wa Mwomani, wa Mazrui, wa Busaidi na wa Mwingereza. Waliouweka ni watu wa mtaa, kizazi kwa kizazi, wanaoupaka chokaa na kuufagia.

Alasiri tulikwenda mtaa wa Langoni kuliona hekalu la Wajaini, lililojengwa mwaka 1963 kwa marumaru nyeupe. Sheria yake ni kwamba viatu na vitu vyote vya ngozi huachwa nje, kwa sababu Wajaini hawataki kiumbe chochote kiumizwe. Wavulana waliovaa mikanda ya ngozi ikawabidi waivue, na wengine wakatembea wameshika suruali kwa mkono! Lakini fikiri jambo hili: pale ngomeni mlinzi wa zamani angeuliza una silaha gani. Hapa mlangoni unaulizwa je, kuna mnyama aliyekufa kwa ajili ya kiatu chako? Ni mlango pia, na ni ulinzi pia, ila wanaolindwa ni walio nje.

6. SASA TURUDI KWENYE GEREZA

Tumeona kwamba "igreja" ni kanisa. Ndani ya Ngome ya Yesu Wareno walikuwa na kanisa lao, na misingi yake bado inaonekana. Unguja nako, walipofukuzwa Wareno, Waomani walijenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa la Kireno. Hivyo mtu wa pwani alipoonyesha kwa kidole palipokuwa na "igreja", alikuwa akionyesha kuta nene na askari. Neno likahama kutoka kanisa hadi ngome. Hata leo kule Kilwa Kisiwani ngome ya kale inaitwa Gereza, na anayekwenda huko haendi kumwona mfungwa.

Kisha neno likahama mara ya pili. Ngome ni mahali pazuri pa kufungia watu, kwa kuwa ukuta usioingilika pia hautokeki. Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza Ngome ya Yesu kuwa jela, na ikabaki hivyo hadi 1958. Baada ya hapo ikahifadhiwa, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia.

Basi tazama safari ya neno moja: kanisa, ngome, jela. Hakuna mtu aliyekaa mezani akapanga iwe hivyo. Watu waliona na wakasema walichokiona. Historia ya miaka 400 imo ndani ya silabi tatu, ge-re-za. Ndiyo maana nasema somo la Kiswahili si la kukariri ngeli tu.

7. NA LANGAS JE?

Huenda utauliza, haya ya Wareno yanatuhusu nini sisi wa Langas? Yanatuhusu. Tembea mtaani kwetu uhesabu. Geti la chuma, ukuta wenye vigae vya chupa juu, mabati yaliyopandishwa hadi jirani haonekani. Simlaumu anayejenga ukuta. Wezi wapo, na hata Msirikwa alizungushia ng'ombe wake ua. Lakini kuna jambo ambalo ukuta hauwezi.

Mimi nilizaliwa baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, lakini nyumbani nimesimuliwa, na wengi wenu pia. Tume ya Jaji Waki iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa nchini. Langas ilichomwa na kugawanyika. Tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa, karibu na mji wetu, watu waliokuwa wamekimbilia kanisani waliteketezwa humo, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu walilala uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Nilipomsikia yule mzee akieleza habari za waliokimbilia nyumba ya watawa mwaka 1631, nilikiangalia kiatu changu kwa sababu sikutaka kumwangalia mtu. Nyumba ya ibada peke yake pia si ngome.

Mama aliniambia kwamba ploti waliyokuwa wakiishi ilikuwa na geti zuri, na kwamba geti halikusaidia, kwa maana waliokuja walijua nani analala chumba kipi. Ni kama mwaka 1631: hatari ilipita mlangoni. Kilichomsaidia ni jirani mmoja, mama ambaye lugha ya nyumbani kwake si yetu. Aliwaingiza kwake usiku, akawalaza chini ya kitanda cha watoto wake, na kesho yake usiku akafanya hivyo tena. Mlango wake ulikuwa wa mbao, wa komeo moja. Hadi leo tunamwita Mama Mkubwa, na Krismasi hatuli kabla sahani yake haijapelekwa.

Kwa hiyo jibu la swali langu la mwanzo ni hili. Ngome hulinda mali na njia, na yaweza kulinda watu kwa muda. Lakini hushindwa na maradhi, na njaa, na zaidi ya yote hushindwa na chuki kati ya walio ndani na walio nje. Wahenga walisema umoja ni nguvu, na sisi tumeizoea methali hiyo mpaka tunaiandika kwenye insha bila kuisikia. Kule Mombasa niliiona imeandikwa kwa mawe: pale watu wa mji walipoinuka mwaka 1729, unene wa ukuta haukuwa na maana. Na pale watu wa mtaa walipoupenda msikiti wao, ukosefu wa ukuta haukuwa na maana pia.

Tena tukijifungia kila mmoja na ukuta wake, tukumbuke safari ya lile neno. Ngome ikikaa sana bila jirani, huwa gereza la mwenyewe.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

(i) Eleza maana ya: boma, buruji, handaki, kuzingira.

(ii) Taja njia mbili ambazo kwazo neno "gereza" lilibadilika maana.

(iii) Maneno meza, bendera, leso, kasha na mvinyo pia yalitoka kwa Wareno. Yanatuonyesha nini juu ya mambo waliyoyaleta pwani?

(iv) "Ukuta haukushindwa, walioshindwa ni waliokuwa ndani." Jadili kwa kutumia mifano miwili ya Ngome ya Yesu.

(v) Muulize mzee mmoja wa mtaani kwako: kabla ya kuta hizi kujengwa, watu wa hapa walilindana vipi? Andika majibu yake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, umkabidhi katibu wa Chama. Tutayasoma kwa sauti mkutano wa kwanza wa muhula ujao, bila kutaja kabila la mtu yeyote.